Maisha ya Mzee Abeid Amani Karume: Baharia Aliyeshika Dola



Ni desturi ya darasa letu hapa Wenje kuyasoma maisha ya waliotutangulia, si kwa kuwasifu wala kuwalaani, kwani wamekwisha kwenda kwa Mola wao na hesabu yao iko Kwake, bali kwa kutafuta mazingatio. Safari hii tumemchagua Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi. Vijana wetu huuliza mara kwa mara utawala wa chama kimoja kwa mtindo wa kikomunisti ni utawala wa namna gani. Hatuoni haja ya kwenda mpaka Moscow au Peking kutafuta mfano, ilhali mfano uko Unguja, kwa watu wa lugha yetu na kibla chetu.

Yaelezwa kwamba Mzee Karume alizaliwa mwaka 1905. Hakupata masomo mengi ya shule. Ujana wake aliumaliza baharini, akifanya kazi katika meli na kuziona bandari za ulimwengu; na aliporejea akawa kiongozi wa mabaharia wenye mashua za kuwashusha abiria kutoka melini. Huko ndiko alikojifunza kusema na watu wa chini na kuyajua machungu yao. Ulipoundwa muungano wa Jumuiya ya Waafrika na ya Washirazi, mwezi wa Februari 1957, uliokuja kuitwa Afro-Shirazi Party, yeye ndiye aliyekuwa rais wake. Mwezi wa Julai mwaka huo huo akamshinda Sheikh Ali Muhsin Barwani katika uchaguzi wa Ng'ambo.

Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama chake kilipata kura zaidi ya nusu, lakini viti kikapata 13 tu katika 31. Uhuru ukatolewa tarehe 10 Desemba 1963 kwa serikali ya wapinzani wake, chini ya Sultani. Uchungu huo haukukaa hata mwezi na nusu. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa kwa silaha. Watu wengi wakauawa, hasa wenye asili ya Kiarabu, na wengine wengi wakakimbia. Hatuwezi kuyapita mambo hayo kimya, kwani damu ya Mwislamu haimwagwi kwa sababu ya nasaba yake.

Mzee Karume akawa mkuu wa nchi, na baada ya Muungano na Tanganyika, tarehe 26 Aprili 1964, akawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri. Yeye mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa vitabu vya Marx. Lakini nchi yake ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika kuitambua Ujerumani ya Mashariki, na wataalamu wa huko, wa Urusi na wa Uchina wakaja kwa wingi. Wajerumani wakasaidia kuunda idara ya usalama, Wachina wakafundisha jeshi, na hospitali kuu ya mjini ikapewa jina la Lenin. Namna ya kutawala ikafuata mtindo huo.

Tuitazame basi namna hiyo, jambo baada ya jambo.

Katika serikali, vyama vyote vingine viliondolewa, kikabaki kimoja. Bunge halikuwako. Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria, ndilo lililotekeleza, na neno la mwisho lilikuwa la mwenyekiti wake. Kwa uhai wake wote Mzee Karume hakuitisha uchaguzi hata mmoja, na Baraza la Wawakilishi lilikuja mwaka 1980, yeye akiwa kaburini miaka minane. Kuanzia mwaka 1970 zikaanzishwa mahakama za wananchi, mahakimu wake wakiteuliwa kutoka katika chama, na mawakili wakikatazwa kuwatetea washitakiwa.

Katika uchumi, ardhi yote ilifanywa mali ya serikali mwaka 1964, kisha maelfu ya familia yakagawiwa eka tatu tatu. Hapa lazima tuseme kweli: maskini wengi ambao baba zao walipalilia mikarafuu ya wengine walipata kwa mara ya kwanza mahali pa kulima. Elimu na matibabu yakawa bure. Majumba marefu ya Michenzani yakajengwa, na watu waliokuwa wakikaa katika vibanda wakapewa nyumba. Asiyeyataja haya hatendi insafu.

Lakini aliyepewa eka hakuwa mwenye eka, bali mtumiaji, na mwenyewe ni serikali. Karafuu zake alilazimika kuiuzia serikali, kwa bei ya serikali. Na bei ya dunia ilipopanda sana, sehemu ndogo tu ndiyo iliyomfikia. Wazee wetu wa kando ya Mto Tana watalifahamu jambo hili bila ya maelezo, kwani waliopewa vishamba katika miradi ya umwagiliaji ya Hola na Bura nao walilima pamba katika ardhi isiyokuwa yao, wakaiuzia bodi kwa bei wasiyoipanga wao.

Na katika maisha ya kila siku, chama kiliingia mpaka nyumbani. Maduka ya watu binafsi yakapungua na biashara ya vyakula ikashikwa na serikali. Kusafiri nje ya visiwa kukahitaji ruhusa. Vijana wa chama wakawa wakizitazama nguo na nywele za watu. Pengine wako miongoni mwetu watakaofurahi kusikia kwamba nguo fupi zilikatazwa. Nasi twawaambia, amri iliyokataza nguo fupi leo, na isiyoulizwa, kesho yaweza kukataza jambo lolote. Mwaka 1970 wasichana wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wakubwa wa serikali. Kila mwanafunzi wa fiq'hi ajua nafasi ya ridhaa na ya walii katika ndoa. Siku ile baba alisema hapana, na hapana yake haikuwa na pa kupelekwa.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Karibu na mwisho wa utawala wake vyakula vilivyoagizwa kutoka nje vilipunguzwa mno, ili watu wajitegemee. Mchele, sukari na unga vikawa kwa mgao na kwa foleni, ilhali serikali ilikuwa na akiba kubwa ya fedha za karafuu. Ni nani angemwambia mzee kwamba watu wana njaa? Gazeti lilikuwa lake, hakimu wake, duka lake. Waliojaribu kumpinga walikuwa wamekwisha kuonekana mwisho wao: mwaka 1969 Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff, wenzake wa tangu mwanzo wa harakati, walirejeshwa Unguja kutoka bara wakauawa.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Karume alipigwa risasi akiwa na wenzake katika makao ya chama, Kisiwandui, akafa. Aliyeongoza shambulio alikuwa ofisa wa jeshi, ambaye baba yake yasemekana alifia gerezani chini ya utawala huo huo. Naye hakuuona usiku ule. Mzee Aboud Jumbe akashika nafasi, na mambo yakaanza kulegezwa kidogo kidogo.

Twajifunza nini? Si kwamba kumpa maskini ardhi ni kosa; hilo ni jema, na waliokuwa na mali wasijidanganye kwamba dhuluma yao haikuwa sababu. Wala si kwamba maradhi haya ni ya wakomunisti peke yao. Sisi wa Kenya tulikaa na chama kimoja kwa sheria kutoka 1982 hadi 1991, na mwaka 1988 tukapangwa mistari nyuma ya wagombea mbele ya macho ya machifu, nasi hatukuwa wakomunisti.

Tunalojifunza ni kwamba mtawala akishika shamba, soko, mahakama na gazeti kwa mkono mmoja, wema wake hubaki fadhila, na fadhila hutolewa na hunyang'anywa. Shura haikuwekwa katika dini yetu kwa ajili ya watawala wabaya tu. Mtawala mwenye nia njema aihitaji zaidi, kwani yeye ndiye watu wanaochelewa kumwambia kwamba amekosea. Na tuanze papa hapa kwetu: katika kamati ya msikiti, ya madrasa na ya maji, mwenye kushika fedha aulizwe, na mwenye kuuliza asifanywe adui.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa wenye kuambiwa na kusikia. Amin.