Finsen, daktari aliyetibu kwa mwanga

Niels Finsen alizaliwa mwaka 1860 Visiwa vya Faroe, ambako jua ni adimu kuliko Machame wakati wa masika. Alianza kuugua akiwa bado kijana, na ugonjwa huo ulimdhoofisha mwaka hadi mwaka. Akaona akikaa juani anapata nafuu kidogo. Ndipo akaanza kuchunguza mwanga.

Mwaka 1896 alifungua taasisi mjini Copenhagen, akawatibu kwa taa kali za umeme watu wenye TB ya ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila pua na mashavu. Wengi walipona. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 43 tu.

Vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, ilikuwa bado haijajulikana. Na TB yake ilikuwa ya ngozi, si ile ya mapafu inayowavizia WAVIU na inayotibiwa hapa kwetu Kibong'oto.

Nayasema haya kwa sababu wapo wanaopunguza ARV wakitegemea jua au vidonge vya vitamini. Dar es Salaam, WAVIU 4,000 wenye upungufu wa vitamini D walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2020: vidonge hivyo havikupunguza vifo wala TB ya mapafu. Mifupa ni jambo jingine. Watoto wanaihitaji vitamini hiyo, na anayetumia tenofovir akiumwa mifupa aseme kliniki, huku akiendelea kumeza dawa zake.