Ilya Mechnikov: Aliyejifunza Kinga ya Mwili kwa Kiti cha Pweza

Wasomaji wetu waliokulia mwambao wa Afrika Mashariki wanakijua kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota ambaye huonekana maji yanapokupwa. Ni wachache kati yetu wanaojua kuwa kupitia mnyama huyo wanasayansi walipata kufahamu jinsi seli za mwili zinavyopambana na maradhi. Aliyefungua mlango huo ni Ilya Mechnikov, ambaye leo tunayasimulia maisha yake kwa ufupi.

Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 karibu na mji wa Kharkiv, katika nchi ya leo ya Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya Urusi. Alimaliza masomo ya chuo kikuu kwa miaka 2 badala ya 4, akabobea katika elimu ya wanyama wa baharini. Hata hivyo dunia haikumwendea vyema. Mkewe wa kwanza, Ludmila, alidhoofishwa mno na maradhi ya kifua hata siku ya harusi yao, mwaka 1869, akabebwa juu ya kiti kupelekwa kanisani. Alifariki mwaka 1873 kisiwani Madeira, na Mechnikov kwa majonzi alijaribu kujiua. Mkewe wa pili, Olga, naye aliugua sana homa ya matumbo mwaka 1880, lakini akapona.

Mwaka 1882 aliacha kazi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Odessa kutokana na misukosuko ya kisiasa, akahamia Messina, katika kisiwa cha Sicily, Italia. Siku moja jamaa zake walipokwenda kutazama sarakasi, alibaki na hadubini yake akiwachunguza watoto wachanga wa kiti cha pweza, ambao miili yao huonekana ndani kama kioo. Aliona seli zikitembea humo, na likamjia wazo kwamba huenda kazi ya seli hizo ni kuulinda mwili. Alichukua miiba ya waridi akawachoma nayo wanyama hao. Asubuhi yake alikuta seli zimeuzingira mwiba pande zote, kama askari waliomzunguka mwizi.

Mwaka 1884 alieleza habari za dafnia, mdudu mdogo wa maji baridi anayeshambuliwa na vimelea vya jamii ya hamira. Seli zilipowahi kuvimeza vimelea, dafnia alipona, ziliposhindwa, alikufa. Seli hizo zikaitwa fagosaiti, yaani seli zinazokula.

Wataalamu wengi, hasa wa Ujerumani, walimpinga wakishikilia kuwa kinga imo katika majimaji ya damu. Mechnikov, ambaye tangu mwaka 1888 alifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alibishana nao kwa miaka mingi. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, mtetezi wa upande wa pili. Siku hizi tunajua kuwa wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli. Alifariki Paris mwaka 1916.

Jambo ambalo Mechnikov hakuweza kuliona kwa hadubini yake ni namna seli inavyomtambua adui. Leo inafahamika kuwa seli ina protini zinazoshika alama za vimelea, kisha jeni za ulinzi huamshwa. Protini za namna hiyo zimo kwetu sisi na kwa viti vya pweza pia.

Elimu hii bado inahitajika. Kuanzia mwaka 2013 mabilioni ya wanyama hao walikufa katika pwani ya Pasifiki ya Amerika Kaskazini, mikono ikikatika na miili ikiyeyuka. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kuwa, kwa aina kubwa iliyoathirika zaidi, msababishi ni bakteria wa ukoo mmoja na yule wa kipindupindu, waliyemkuta katika majimaji ya miili ya wagonjwa. Zaidi ya miaka 140 baada ya Messina, wanasayansi wamelazimika kumrudia mnyama yule yule, safari hii ili wamwokoe yeye.