Karel Styblo: Daktari aliyepambana na dozi za TB zinazoishia njiani

Mgonjwa wa TB akimeza dawa wiki chache tu, kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, anajiona yuko fiti. Hapo ndipo wengi hukacha dozi. Vimelea vilivyobaki mwilini huanza tena kuzaliana, na mara nyingine dawa zilezile haziviui tena.

Tatizo hilo lilichukua miaka mingi ya maisha ya daktari Karel Styblo.

Styblo alizaliwa mwaka 1921 Czechoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifungwa na Wanazi kwenye kambi ya mateso ya Mauthausen, Austria. Humo akaambukizwa TB. Alipona, akamaliza masomo ya udaktari, na miaka ya 1960 akahamia Uholanzi kuendelea kuuchunguza ugonjwa uliotaka kumuua.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Styblo akafanya kazi bega kwa bega na wataalamu wa Wizara ya Afya. Wakati huo tiba ilichukua mwaka mzima au zaidi, na wagonjwa wengi walipotelea njiani.

Kwa mkulima wa Rungwe Mpya, huko Kasulu, kukatisha dozi si lazima kuwe uzembe. Zahanati inaweza kuwa mbali, mvua za masika zinaharibu njia, shamba linamsubiri. Akifika akaambiwa dawa zimeisha, kurudi tena ni mtihani. Akihama bila barua ya uhamisho, hakuna anayejua kama bado anameza dawa.

Mpango wa Styblo ulihamisha mzigo kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa huduma yenyewe. Makohozi yapimwe kwa hadubini. Dozi ifupishwe hadi miezi 8, kwa dawa kali zaidi ikiwemo rifampisini. Miezi 2 ya kwanza mgonjwa ameze dawa mbele ya mhudumu, wengi wakiwa wamelazwa. Dawa zisikatike. Kila jina liandikwe kwenye rejista, na mratibu wa wilaya aeleze nani kapona, nani kafariki na nani katoroka dozi.

Wengi waliona dawa hizo ni ghali mno kwa nchi maskini. Matokeo yakawajibu: waliopona walikaribia 80 kwa kila 100. Malawi, Msumbiji na nchi nyingine zikafuata. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza TB kuwa dharura ya dunia, kisha likasambaza mfumo huo kwa jina la DOTS.

Styblo alifariki Machi 1998, Uholanzi.

Leo dozi ya kawaida ni miezi 6, na wengi humezea nyumbani wakisimamiwa na ndugu. Lakini tiba bado hukwama kwa baadhi: wenye TB sugu tangu mwanzo, wenye VVU au kisukari kisichodhibitiwa, wanaokunywa pombe kupita kiasi, na wanaoacha dawa zikiwakera tumbo.

Ndiyo maana makohozi hupimwa tena tiba ikiendelea. Kikohozi kikiisha, dozi bado haijaisha.