Mchungaji aliyechelewesha mavuno ya zabibu

Mkulima wa zabibu akiona ukungu umeingia shambani hukimbilia dawa. Huko Tokaj, kaskazini mashariki mwa Hungaria, ukungu huo husubiriwa kwa hamu, na wenyeji humshukuru mchungaji Máté Szepsi Laczkó.

Alizaliwa mwaka 1576, akawa mchungaji wa Kikalvini akiihudumia familia tajiri ya Lorántffy, wenye mashamba ya mizabibu. Inasimuliwa kuwa karibu mwaka 1630, kwa hofu ya vita, aliahirisha mavuno hadi Novemba. Unyevu wa mito ya Bodrog na Tisza ukaleta ukungu, zabibu zikasinyaa. Mwingine angezitupa. Yeye alichambua punje moja moja, akaziponda na kuziloweka katika mvinyo wa kawaida. Pasaka ilipofika, akampelekea Zsuzsanna Lorántffy mvinyo mtamu kama asali.

Kasoro ya hadithi hii ni kwamba mvinyo huo, uitwao aszú, umetajwa katika hati ya urithi ya mwaka 1571, mchungaji akiwa hajazaliwa! Pengine aliboresha tu kazi ya wakulima waliomtangulia, ambao majina yao hayakuandikwa.

Kipimo cha zamani kilikuwa vikapu vya punje, kila kimoja kilo 20 hadi 25, kwa pipa la lita 136. Vikapu vikizidi, utamu huzidi, na bei hupanda.

Mchungaji alifariki mwaka 1633 huko Erdőbénye. Wazalishaji wadogo wa Tokaj bado hupita shambani mara kadhaa kila msimu, wakichuma zilizosinyaa tu.