Makhan Singh: Kutoka Huruma hadi Haki ya Mfanyakazi

Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Makala hii inasimulia kwa muhtasari maisha ya mtu aliyeikataa methali hiyo kwa vitendo, yaani Makhan Singh, mmoja wa waasisi wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya. Msukumo wa kuiandika ulitokea mtaani Huruma, Nairobi, ambako jirani yangu wa ploti alikatwa vidole viwili na mashine akiwa kazini. Mwajiri alimlipia matibabu, akamwongezea nauli, akamtaka atie sahihi kwenye karatasi ambayo hakuielewa. Jirani alirudi nyumbani akimshukuru tajiri wake kwa huruma. Hakujua kwamba alichostahili kinaitwa fidia, na kwamba mdai fidia haombi sadaka.

Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 huko Punjab, katika Bara Hindi lililotawaliwa na Waingereza. Aliletwa Kenya mwaka 1927, akasoma Nairobi, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha babake. Angeweza kuridhika na nafasi ya mwana wa mwenye kiwanda. Badala yake, mwaka 1935 alikubali kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na chini ya uongozi wake chama hicho kikabadilishwa jina na kufungua milango kwa wafanyakazi wa rangi zote. Katika koloni ambamo makazi, shule na hata mishahara iligawanywa kwa misingi ya rangi, hatua hiyo haikuwa ndogo.

Mwaka 1937 chama kiliongoza mgomo jijini Nairobi uliodumu kwa siku 62. Hatimaye waajiri walikubali kuongeza mishahara kwa kiwango kilichoanzia asilimia 15, pamoja na siku ya kazi ya saa nane. Umuhimu wa mapatano hayo unapita kiasi cha fedha. Mfanyakazi anayejadiliana na mwajiri peke yake hupokea anachopewa, lakini wanapojadiliana wengi kwa sauti moja, ujira huwa jambo la makubaliano. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya vyama vya wafanyakazi.

Mwishoni mwa mwaka 1939 Singh alisafiri kwenda India, na mwaka uliofuata serikali ya huko ikamtia kizuizini. Alirejea Kenya mwaka 1947. Tarehe 1 Mei 1949 aliungana na Fred Kubai kuunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki, Kubai akiwa rais naye Singh katibu mkuu. Ni katika muongo huohuo ambapo serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Hata hivyo, sheria haijitekelezi yenyewe. Humfaa anayeijua na mwenye wa kumsemea, na kazi ya kusema ndiyo vyama vilijitwika.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Eastlands, Singh alitoa azimio la kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei alikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Baada ya kesi kusikizwa Nyeri, alizuiliwa katika maeneo ya mbali kaskazini, yakiwemo Lokitaung na Maralal, kwa zaidi ya miaka 11, hadi Oktoba 1961. Uhuru alioupigania haukumletea cheo kikubwa. Hata hivyo aliendelea kuandika, na mwaka 1969 kitabu chake kuhusu historia ya vyama vya wafanyakazi nchini Kenya kilichapishwa. Alifariki mwezi Mei 1973.

Sheria ya fidia ya enzi ya ukoloni imekwisha kuondolewa, na nafasi yake imechukuliwa na sheria ya mwaka 2007 kuhusu manufaa ya wanaoumia kazini. Chini ya sheria hii, mwajiri hulazimika kuwakatia wafanyakazi wake bima. Majeruhi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye aliyekosea, na fidia ya ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Jirani yangu hakuyajua hayo. Sheria yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza, na karatasi aliyoitia sahihi ilikuwa kwa Kiingereza vilevile.

Hapa ndipo maisha ya Makhan Singh yanapotuhusu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tuna istilahi za ujira, mkataba, majeruhi na fidia, nazo zimetuama katika kamusi zetu. Kutoka Kaloleni hadi Huruma si mbali. Tuzifikishe istilahi hizo mtaani, ili atakayeumia kesho ajue anachodai kabla ya kutia sahihi.