Joginder Singh: Makanika wa Kericho aliyegeuka Simba wa Safari

Pita gereji za Kitengela leo uone vile ndai zimeinuliwa, Prado na Land Cruiser hadi mtu anatamani ngazi. Kila msee anataka gari moja ifanye kila kitu: Jumatatu impeleke job Nairobi, Jumamosi ibebe mbuzi kutoka Kajiado, na mvua ikinyesha isizame kwenye ule udongo mweusi wa Isinya. Hiyo stori ya gari moja kwa kila barabara si mpya. Kuna jamaa aliipigania miaka sitini iliyopita.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza umakanika kwa gereji ya babake. Mwaka 1958 akawa mtu wa kwanza wa doria wa chama cha wenye magari Afrika Mashariki, kazi yake kusaidia madere waliokwama. Hiyo ndiyo ilikuwa campus yake. Ukishinda barabarani na magari yamekufa, unajua ni nini huvunjika kwanza.

Mwaka 1959 akaingia Safari. Na usidhani ni hii ya Naivasha ya siku chache! Ilikuwa maelfu ya kilomita, Kenya, Uganda hadi Tanganyika, barabara haijafungwa, malori na ng'ombe wako njiani. Hapo suspensheni ndiyo kila kitu. Springi zikiwa laini, gari linagonga tumbo kwa mashimo. Zikiwa ngumu, linaruka-ruka kwa murram, haliishiki barabara, na bodi inapasuka polepole. Ukiinua sana, kona inakumwaga. Citroën DS ya Ufaransa ilikuwa na mfumo wa mafuta na gesi wa kupandisha na kushusha gari tangu 1955. Joginder hakuwa na hiyo starehe. Unachagua springi na shoki kabla ya kuanza, halafu kilichobaki ni mguu wako na masikio yako.

Mwaka 1965, yeye na brathe yake Jaswant walichukua Volvo PV544, gari la kiwanda ambalo lilikuwa limetumika tayari, wakapewa namba 1, na wakamaliza namba 1. Wazungu wa timu kubwa wakabaki kuangalia tu.

Lakini mimi hupenda ile ya 1974 zaidi. Alikuja na Mitsubishi Lancer 1600, kagari kadogo, nyuma ina springi za vyuma vya kupangwa kama pikapu, akamshinda Björn Waldegård na Porsche 911. David Doig ndiye alikuwa anamsomea njia. Mwaka 1976 wawili hao wakarudia, na Lancer zikabeba nafasi zote tatu za kwanza.

Shekhar Mehta alikuja kumpita kwa ushindi, tano kwa tatu, sawa. Ila cheki hii: Joginder aliingia Safari mara 22, na akafika mwisho mara 19, kwa mashindano ambayo mwaka mwingine magari mengi hayakurudi Nairobi.

Alifariki London Oktoba 2013, akiwa na miaka 81.