Ibn Al-Haytham na Namba Tasa

Miongoni mwa wanazuoni ambao majina yao twayataja kwa fahari na elimu yao hatuisomeshi, yumo Al-Hasan bin Al-Haytham, rahimahullah. Alizaliwa Basra karibu na mwaka 354 Hijria (965 Miladi), akafa Cairo karibu na mwaka 430 (1040).

Imepokewa kwamba alidai kuwa lau angekuwa Misri angeutengeneza mto Nili, ufae katika kujaa kwake na kupungua kwake. Khabari ikamfikia Al-Hakim, mtawala wa Kifatimi, naye akamwita. Akapanda mto hata upande wa Aswan. Alipoyaona majengo ya watu wa kale alitambua kwamba, lau jambo lile lingewezekana, wao wangelikwisha kulifanya. Akarudi akakiri. Kisha, kwa kumcha mtawala aliyekuwa mwepesi wa kuua, akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hata Al-Hakim alipotoweka mwaka 411 (1021). Tangu hapo alikaa karibu na Al-Azhar, akila kwa kalamu yake: alinakili vitabu vya Euclid na Ptolemy akaviuza.

Wengi humjua kwa elimu ya nuru. Sisi twataka hisabu yake, kwani katika miji yetu namba zimeachiwa waandishi wa hirizi na wapiga bao.

Namba tasa ni ile isiyogawika sawasawa ila kwa moja na kwa nafsi yake, kama 7, 11 na 13. Ibn Al-Haytham alitafuta namba ambayo ukiigawa kwa 2, 3, 4, 5 au 6 hubaki moja, na ukiigawa kwa 7 haibaki kitu. Tukadirie mvuvi wa Ghuba ya Ferguson, katika Ziwa Turkana, upande wa Lodwar, ana samaki wakavu 721. Akiwapanga wawili wawili, au watatu watatu, hata sita sita, hubaki mmoja. Akiwapanga saba saba, habaki hata mmoja. (Samaki 301 pia wangefaa.) Njia yake ni kuzidisha 1 kwa 2 kwa 3 hata 6, upate 720, uongeze moja. Akaeleza kuwa ndivyo ilivyo kwa kila namba tasa. Kwa 5 utapata 25, nayo yagawika kwa 5. Lakini 6 si tasa: utapata 121, nayo haigawiki kwa 6.

Ulaya kanuni hii iliitwa kwa jina la Wilson, Mwingereza, baada ya Waring kuitangaza mwaka 1770. Wako wenzetu wasemao kuwa tumeibiwa. Sisi hatusemi hivyo, kwani hatuna ushahidi wa wizi. Na uthibitisho wa kwanza ujulikanao ni wa Lagrange, mwaka 1771. Insafu yatulazimu tuliseme hilo pamoja na kumtanguliza Ibn Al-Haytham.

Kanuni ni ya kweli, ila kwa namba kubwa kuzidisha huko hakuwezekani. Namba tasa iliyotangazwa mwaka 2024 ina tarakimu 41,024,320, nayo ilipatikana kwa njia nyingine: ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 136,279,841, ikatolewa moja. Tasa za sura hiyo ndizo zizaazo namba kamilifu, kama 6, ambayo ni jumla ya 1, 2 na 3, vigawanyo vyake. Ibn Al-Haytham alijaribu kuthibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa yatokana na tasa ya namna hiyo. Hakufaulu, aliyeithibitisha ni Euler, baada ya karne saba.